Sayansi ya Kompyuta Kidato cha Tano na cha Sita: Tuanze na Mirathi



 

 Wapo miongoni mwenu walio kidato cha nne, ambao watatakiwa kuchagua tahasusi za kidato cha tano. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi kufikia 65, lakini ile ya Fizikia, Hisabati ya Juu na Sayansi ya Kompyuta bado wengi huiruka. Mzazi akisikia "kompyuta" huikumbuka kozi ya miezi mitatu ya kuchapa barua, naye humwambia mwanawe: soma kwanza masomo ya maana, hiyo utaisoma baadaye. Kwa neno hilo moja kijana hodari wa hesabu huhamishiwa njia nyingine, na akifika chuo kikuu hukuta wenzake wamemtangulia miaka miwili.

Tusiwalaumu sana wazee. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Waliokua miaka hiyo wangeizoea wapi?

Somo lenyewe ni la kufikiri. Kiini chake ni algoriti, yaani hatua zilizopangwa kwa utaratibu hata asiyejua lolote akizifuata afike kwenye jibu. Neno hilo limetokana na jina la Muislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa aljebra jina, na sehemu yake kubwa inahusu hesabu za wasia na mirathi. Basi nasi tuanzie hapo.

Mzee wa hapa Mkonze amefariki. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Shamba lake la zabibu na mali nyingine vina thamani ya shilingi 2,900,000. Mazishi yamegharimu 200,000, anadaiwa 300,000, na hakuacha wasia. Chukua daftari uandike:

1. Toa gharama za mazishi.
2. Toa madeni.
3. Ikiwa kuna wasia, utoe, usizidi theluthi ya kilichobaki.
4. Ikiwa marehemu ana mtoto, mke apate 1/8. La sivyo apate 1/4.
5. Kwa kila mtoto wa kiume hesabu mafungu 2, kwa kila wa kike fungu 1. Gawa kilichobaki kwa jumla ya mafungu.

Baada ya hatua ya pili zimebaki 2,400,000. Mke anapata 300,000. Zilizobaki 2,100,000 zinagawanywa kwa mafungu 3, kila fungu 700,000: wa kiume 1,400,000, wa kike 700,000. Misingi ya hesabu hii imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12.

Tazama ulichokifanya. "Ikiwa" na "la sivyo" ya hatua ya nne ni uamuzi. "Kwa kila mtoto" ya hatua ya tano ni marudio. Hizo ni nguzo mbili za kila programu. Ukifika darasani utafundishwa kuziandika kwa lugha ambayo mashine inaielewa, lakini anayezikosa kwenye karatasi atazikosa na kwenye kioo pia. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuwa shule yenu ina kompyuta chache au umeme unakatika. Daftari halizimiki.

Sasa angalia hatari yake. Chukua marehemu aliyeacha mabinti watupu. Hatua ya tano itawagawia chote kilichobaki, nayo ni makosa: binti mmoja fungu lake ni 1/2 ya mirathi, wawili au zaidi wanashirikiana 2/3, na kinachosalia kina wenyewe. Kompyuta haitaona haya wala haitauliza. Itatoa jibu baya kwa haraka ileile ya jibu zuri, na haki ya mtu itakuwa imekwenda. Ndiyo maana naona anayejua fiqhi na programu kwa pamoja anahitajika mno kuliko anayejua kimoja tu.

Wazazi, mkitaka kujua kama mtoto anaiweza njia hii, msitazame anavyobofya simu. Tazameni daftari lake la Hisabati. Na binti mwenye alama nzuri asizuiwe. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya fani hii, nacho kimo humu humu jijini. Hatalazimika kwenda mbali na kwao.

ZOEZI

(a) Mama amefariki, ameacha mume, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Wazazi wake hawapo. Baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi 1,600,000, na hakuna wasia. Ni hatua ipi kati ya tano ibadilishwe, na kila mmoja apate ngapi?

(b) Andika upya hatua ya tano ili isiwakosee mabinti watupu. Mpelekee ustadhi wako aikague.