BREKI ZA BAISKELI KUUKUU YA MLIMANI

Baiskeli ya mlimani, hata iliyozeeka, yamfaa mkulima. Tairi zake pana hupita mchangani, na gunia la nazi huibeba. Lakini kubeba si kusimama. Mwendo ukiongezeka mara mbili, baiskeli yataka nafasi mara nne kabla ya kusimama. Na mtoto akikatiza njia, nafasi hiyo huipati.

Huko Mbwajumali, kisiwani Pate, adui wa breki ni wawili: chumvi ya bahari na mchanga. Ninyi wa skimu ya Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, mko bara, lakini mchanga mnao pia, kwa hiyo somo ni lile lile.

Anza na ringi. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, si ya bahari. Usitie mafuta yo yote, hata ya nazi. Ringi ya chuma ikilowa haishiki vema. Ya aluminiamu hushika zaidi. Kama fedha zatosha ringi moja tu, badili ya mbele, kwa sababu ukifunga breki uzito husogea mbele.

Kisha toa raba za breki. Zikiwa ngumu na zang'aa, zisugue kwa msasa, na chembe za mchanga uzichokoe kwa pini. Ukizirudisha, ziguse ringi tu, zisiguse tairi hata kidogo. Ncha ya mbele itangulie kugusa, kwa unene wa kadi hivi, ndipo breki haitalia.

Watu wengi breki ikilegea hukaza waya tu, na kumbe waya umeshika kutu ndani ya ganda lake. Uchomoe uutazame. Uzi mmoja ukikatika, nunua mpya. Ule wa zamani utafaa kufungia kuku.

Sasa lile wasilolijua wengi. Breki za zamani zina waya mfupi unaounganisha mikono miwili juu ya tairi. Kiungo chake kikishushwa karibu na tairi, nguvu ya kubana huongezeka, ila mkono wa usukani huvutwa mbali zaidi. Shusha kidogo kidogo, na bado pabaki nafasi ya vidole viwili kati ya mkono na usukani. Hakikisha juu ya tairi pana bamba la kuukinga waya huo: waya mkuu ukikatika, ule mfupi huweza kuangukia tairi na kuligandisha gurudumu, nawe ukarushwa mbele.

Breki za V, ambazo Shimano ya Japani ilizitoa mwaka 1996, ni nzuri. Lakini usizifunge na mikono ya zamani ya usukani, kwani huvuta waya mfupi mno. Nunua vyote pamoja.

Jaribu kwanza bila mzigo, mahali tambarare, kisha na gunia.