Jiko la makaa chumbani

Swali: Daktari, Julai hii upepo wa Kona Baridi umetushinda. Usiku naingiza jiko la makaa chumbani watoto wapate joto, lakini mdogo, wa miaka 2, kikohozi hakimwishi. Nifanyeje? Mama wa wawili, Kajiado.

Jibu: Mama, jiko lirudi nje leo. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi, na hapo ndipo yanapotudanganya: yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Afadhali walale pamoja, na soksi na sweta juu. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, ila dirisha libaki wazi kidogo.

Baridi yenyewe haileti nimonia; vijidudu ndivyo huileta, na hewa ya jiko huvisaidia. Mtoto akitulia, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 40, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta pumzi, mpeleke hospitali usiku huohuo; usingoje kuche. Tazama pia kijitabu cha kliniki: chanjo ya nimokoko, inayotolewa Kenya tangu 2011, alipata zote tatu?