Naambiwa nihame: kodi yangu na marumaru zangu je?



Napanga Tabata, chumba na sebule, choo ndani, 150,000 kwa mwezi. Nina miezi ishirini hapa. Mkataba ni wa mwaka, tumeshauhuisha mara moja, na kodi nalipa miezi sita sita. Mwezi wa tano nilimpa mama mwenye nyumba 900,000 za kunifikisha mwisho wa Oktoba. Julai 12 akaniita barazani, akasema mwanawe anaoa na anavitaka vyumba vyangu, mwisho wa mwezi niwe nimetoka. Kodi iliyobaki atanirudishia akipata nafasi, tena atakata 200,000 za rangi na sinki lililopasuka.

Mjomba, nilipoingia sakafu ilikuwa ya saruji iliyobanduka. Nikaweka marumaru kwa 380,000 za mfukoni mwangu. Alisema mwenyewe, "Weka tu mwanangu, tutakatana kwenye kodi." Hajakata hata shilingi, na sasa anasema hakunituma. Shemeji yangu ananishauri nizing'oe zote usiku wa kuamkia kuhama.

Nisikufiche: nina deni la maji la miezi miwili, 24,000, na tangu Pasaka mdogo wangu na mkewe wanakaa kwangu. Bodaboda yake inaingia saa sita usiku na mama hapendi. Nakutumia picha za mkataba na za meseji zetu. Nifanyeje?

Mpangaji, Tabata

Mpwa wangu. Mwambie shemeji yako aweke nyundo chini. Marumaru zikishashikwa na saruji zimekuwa sehemu ya nyumba. Ukizing'oa, utaondoka na ndoo ya vipande na utamwachia mama kesi ya uharibifu ambayo leo hana. Feni yako, mapazia na fimbo zake, simtanki uliyonunua, hivyo beba. Kitasa ulichobadilisha unaweza kukichukua kama kile cha zamani bado unacho na utakirudisha mlangoni.

Sasa notisi. Nimeusoma mkataba wako. Kifungu cha tano kinasema upande unaotaka kuuvunja utoe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Mama amekupa siku kumi na tisa, kwa mdomo, barazani. Hapo hujapewa notisi, umepewa taarifa ya harusi. Akikuletea barua leo, mwezi unaanza kuhesabiwa leo. Lakini akiileta, ujue haki yake imetimia: kifungu hicho ulikisaini na wewe.

Majirani watakuambia sheria inampa mpangaji miezi mitatu. Usiende nalo hilo popote. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa kawaida amebaki na Sheria ya Ardhi ya 1999, sheria ya mikataba na karatasi aliyoandikishana na mwenye nyumba. Asiye na muda uliotajwa anapimwa kwa kipindi anacholipia kodi: anayelipa kwa mwezi, notisi yake haipungui mwezi. Wewe bahati yako unayo karatasi. Wengi wanaoniandikia wana jina la dalali tu, na dalali akishachukua kodi yake ya mwezi mmoja hapokei tena simu.

Kodi iliyobaki ni rahisi. Ukitoka Julai 31, Agosti, Septemba na Oktoba ni 450,000, na ni zako. "Nikipata nafasi" ndiyo nini? Wewe 900,000 ulizitoa kwa mkupuo. Kama mama ana haraka na vyumba, njia ya kuharakisha anayo: alipe kwanza, wewe ukubali kuondoka kabla notisi haijaiva. Hapo ndipo pa kuzungumzia na ile fedha ya dalali utakayotozwa huko uendako. Hakuna kinachomlazimisha akupe, lakini anayemhimiza mwenzake ahame mapema anaweza kuombwa.

Rangi usilipe. Mpangaji anatakiwa arudishe nyumba ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida, na ukuta uliokaliwa miezi ishirini lazima ufifie. Matundu ya misumari yazibe mwenyewe kabla ya kukabidhi. Sinki ni lako kama limepasukia mikononi mwako, kwa hiyo mwite fundi bomba ataje bei mkiwa wote wawili mnamsikia. Maji lipa wiki hii, usingoje siku ya kuhama. Ila ukilipa mkumbushe mama jambo moja kwa upole. Kama mita ya umeme ni yako peke yako, kila mwezi LUKU imekuwa ikikukata 1,500 za kodi ya jengo. Mwenye deni hilo serikalini ni mwenye jengo, wewe umelipishwa kwa kuwa ndiye unayenunua umeme. Miezi ishirini ni 30,000. Deni lako la maji ni 24,000. Sikuambii mgombane, nakuambia mjumlishe.

Nirudi kwenye marumaru, maana ndizo zinazokuuma. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, kazi iko kwenye kuyathibitisha. Nimeiona ile meseji ya WhatsApp: ulimtumia picha ya sebule, akajibu, "Zimependeza, Mungu akubariki." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ujumbe wa simu kama ushahidi, lakini ushahidi wa nini? Kwamba alijua, aliona na alifurahi. Hapo hajasema atalipa. Mtafute fundi aliyeziweka. Kama alimsikia mama akitaja kukatana, huyo ni shahidi wako. Tafuta na risiti za dukani. Hata ukivipata vyote, sidhani kama utazipata 380,000 kamili, maana sakafu hiyo umeitumia na wewe. Mimi ningeomba nusu, na ningeiomba nikiwa na fundi pembeni.

Kuhusu mdogo wako, nitakuwa mkali kidogo. Kifungu cha pili kinasema vyumba ni vya watu wawili. Mmezidi wawili, tena na pikipiki, geti linafunguliwa usiku wa manane, na hukuomba ruhusa. Nadhani hili ndilo lililomchosha mama, harusi ikaja kama sababu yenye heshima. Ukifika mbele ya wasuluhishi hili litakuwa la kwanza kutajwa, na utakuwa huna jibu. Mdogo wako ahame kabla yako.

Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwombe akuandikie aliyoyasikia. Msipoelewana, nendeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halihukumu migogoro ya ardhi na nyumba, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa, mlango unaofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huhitaji wakili kwa hatua za mwanzo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria kwa asiyejiweza.

Mama akikasirika akakata umeme au akang'oa mlango, usimjibu kwa mkono. Piga picha, mwite mwenyekiti, nenda polisi. Kumtoa mtu ndani kwa nguvu ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Mwenye nyumba hana ruhusa hiyo, hata kama nyumba ni yake.

Siku ya kukabidhi, piga video chumba kwa chumba mchana, mita ya umeme ionekane namba zake, kisha andikeni karatasi ya mistari mitatu ya makabidhiano, mama asaini na mwenyekiti ashuhudie. Huko unakohamia fanya hivyo hivyo kabla hujaingiza hata godoro, na chochote utakachotaka kujenga kiandikwe kitakatwa mwezi gani. Funguo mpe mama siku fedha zako zinaposomeka kwenye simu yako, si siku anapokuahidi.