Kidonda cha Ulimi Kinachouma: Je, Saratani Imeenea?

*Daktari, mama yangu hutafuna tambuu yenye tumbaku. Ana kidonda pembeni mwa ulimi, wiki ya tano sasa, na maumivu yanapanda hadi sikioni. Nimesikia kwamba saratani ya kinywa ikiuma sana huwa imeshaenea. Ni kweli? — Binti, Mombasa*

Hofu ya binti huyu inaeleweka, lakini maumivu peke yake hayathibitishi saratani, wala kuenea kwake. Jino lenye ncha kali linaweza kuchubua ulimi na kuuma vibaya. Saratani changa, kinyume chake, mara nyingi haiumi kabisa.

Alichosikia kina chanzo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, Marekani, waliripoti kwamba wagonjwa wa saratani ya kinywa waliokuwa na maumivu makali zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa saratani kufika kwenye tezi za shingo. Katika uvimbe uliokwisha kuenea, baadhi ya jeni hufanya kazi kupita kiasi. Seli humwaga kemikali zinazochokoza mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo nayo huusaidia uvimbe kukua. Kwa hiyo maumivu makali ni dalili ya kumsaidia daktari, si hukumu.

Kidonda kisichopona kwa wiki mbili hadi tatu kinahitaji daktari wa meno, na mama ameshapita hapo. Apelekwe wiki hii. Atapapaswa shingo, na huenda akakatwa kinyama kidogo kipimwe maabara. Hicho ndicho kipimo chenye jibu. Tambuu na tumbaku aziache leo. Maumivu asiyavumilie kimya: aombe dawa.

Akivuja damu, akishindwa kumeza au akiota uvimbe shingoni, aende hospitali siku hiyohiyo.