Somo: Kununua Fimbo ya Kurushia Chambo Bandia Kizito kwa Bei Nafuu

Mlaji anayeingia dukani kutafuta fimbo ya kuvulia sangara kwa kawaida huonyeshwa kwanza rangi yake, kisha hutajiwa bei, na mwisho huhakikishiwa kuwa "hii ni ngumu, haivunjiki." Hakuna hata moja kati ya hayo linalomweleza iwapo fimbo hiyo itastahimili kurusha chambo cha gramu 120 kutwa nzima. Somo hili linamlenga mvuvi wa burudani, pamoja na kijana anayewaongoza wageni kwa boti katika Ziwa Victoria, ambaye fedha yake inatosha fimbo moja tu, na ikivunjika hana ya pili.

Fimbo ya kurushia hufanya kazi mithili ya upinde. Uzito wa chambo ndio unaoipinda, na kunyooka kwake ndiko kunakokisukuma chambo mbele. Chambo kikiwa kizito kupita uwezo wa fimbo, mrushaji hulazimika kukisukuma kwa nguvu za bega, na siku moja fimbo hukatika katikati ya mrusho, huku kipande chenye ncha kali kikibaki mkononi na ndoano zikielea hewani karibu na nyuso za watu. Chambo kikiwa chepesi mno, fimbo haipindi kabisa na mrusho huwa mfupi. Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kwenda dukani: chukua chambo chako kizito kuliko vyote, kipime kwenye mizani ya dukani mtaani kwako, na uandike uzito wake kwa gramu.

Sasa soma maandishi yaliyo juu kidogo ya mshiko. Tuseme yanasomeka: 8'0", XH, Lure 3–8 oz, Line 50–80 lb. Alama ya oz ni wakia, na wakia moja ni takriban gramu 28. Basi fimbo hii imekusudiwa chambo cha gramu 85 hadi 227. Chagua fimbo ambayo chambo unachokitumia zaidi kinaangukia katikati ya kiwango chake, wala si kwenye ukomo wa juu. Fimbo isiyoandikwa uzito wa chambo popote haifai kununuliwa kwa kazi hii, hata ikiuzwa nusu bei.

Herufi M, MH, H na XH zinaonyesha ugumu, lakini watengenezaji hawana kipimo cha pamoja. H ya mmoja huweza kuwa MH ya mwingine. Zitazame, ila usizitegemee.

Mtego mkubwa zaidi umo katika alama ya lb, yaani ratili. Ratili 50 hadi 80 ni takriban kilo 23 hadi 36, na wauzaji wengi, baadhi yao kwa nia njema kabisa, humwambia mteja kuwa fimbo "inabeba samaki wa kilo 36." Si kweli. Tarakimu hiyo inaeleza nguvu ya mshipi unaofaa kufungwa kwenye fimbo hiyo. Hakuna fimbo ya kurushia iliyotengenezwa ili kumnyanyua samaki majini kama ndoo kisimani. Sangara huweza kuzidi kilo 100. Huchoshwa kwanza kwa breki ya rili, kisha huingizwa botini kwa wavu au kwa mikono. Anayeisimamisha fimbo wima samaki akiwa chini ya boti huuhamishia mzigo wote kwenye ncha, sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, na fimbo ikikatika namna hiyo ni vigumu kumlaumu mtengenezaji.

Katika fimbo zinazoagizwa nje, mlaji atakutana na neno "Musky." Huyo ni samaki mla samaki wa maji baridi wa Marekani na Kanada, ambaye wavuvi wake hurusha chambo kikubwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Fimbo yake humfaa mrushaji wa sangara kuliko nyingi zilizoandikwa "bahari," ambazo baadhi zilikusudiwa kuburuza chambo nyuma ya boti na huchosha mikono zikirushwa.

Kuhusu malighafi, kaboni ni nyepesi lakini huchukia kugongwa. Ufa mdogo usioonekana huweza kuivunja baada ya wiki kadhaa. Nyuzi za kioo ni nzito zaidi na huvumilia msukosuko wa boti na wa buti la basi. Kwa mwenye bajeti ndogo, mwandishi wa somo hili angechagua mchanganyiko wa hizo mbili, wenye urefu wa mita 2.4 hivi na mshiko mrefu wa kutosha mikono miwili. Fimbo ya vipande viwili si dosari, mradi maungio yakae imara bila kucheza. Ile ya kuvutika kama antena ya redio iache dukani: ina maungio mengi mno kwa chambo kizito.

Pete za kupitishia mshipi hukaguliwa kwa pamba. Pitisha kipande kidogo ndani ya kila pete ukikizungusha. Nyuzi zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wakati wa kurusha. Kagua pia kiti cha rili: funga rili yako, kaza, kisha jaribu kuitikisa. Haya ni mambo ya dakika tano, na muuzaji anayekukatalia kuyafanya amekwisha kukujibu. Fedha itumike hapo. Mshiko wa kizibo na nakshi za dhahabu havirushi chambo.

Kabla ya kulipa, mweleze muuzaji matumizi unayokusudia, na umwombe aandike kwenye risiti: "fimbo ya kurushia chambo cha gramu 120." Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuwa mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kusudio lake na kutegemea ujuzi wake anastahili bidhaa inayofaa kusudio hilo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayampi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Dai risiti ya kielektroniki, ipige picha kwa kuwa wino wake hufifia, na fimbo ikivunjika hifadhi vipande vyote viwili bila kuvigundisha, kwa sababu mahali ilipokatikia ndipo ushahidi wako ulipo.