USALAMA NYUMBANI: Kupaka rangi pareshoki bila kuharibu mapafu



Umeweka feza miaka mingi, mwishowe umenunua motokari. Si mpya, lakini inatembea. Siku moja umerudi nyuma karibu na ukuta wa lupango, na pareshoki imekwaruzika. Fundi wa garaji anakuomba feza nyingi. Unajiambia: « Mimi pia nina mikono. Nitanunua rangi, nitaipaka mwenyewe siku ya posho. » Hilo si wazo baya. Kazi hii inawezekana, na haiombi feza nyingi. Lakini kumbuka: kazini kuna kapita anayekuangalia. Nyumbani kapita ni wewe mwenyewe.

Usiku mmoja nilimpokea baba mmoja katika dispanseri, mfanyakazi wa shimoni. Aliketi akiinama mbele, kifua kinapiga filimbi, hakuweza kusema maneno matatu bila kukata pumzi. Mchana alikuwa amepaka rangi pareshoki ndani ya chumba, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie. Nilimuuliza kama alijikinga. Akajibu: « Ndiyo, munganga. Nilivaa maske, ile ya kazi. » Hakusema uongo. Maske alivaa, lakini haikuwa ya kazi ile. Ndiyo sababu ya somo letu la leo.

1. VUMBI NA MVUKE SI KITU KIMOJA

Maske tunayovaa shimoni na kwenye mashine ya kusaga mawe imetengenezwa kwa ajili ya vumbi. Ni kama chujio: punje za vumbi zinabaki nje, hewa inapita. Rangi inapopulizwa hutoa vitu viwili: matone madogo sana, na mvuke wa diliyani. Maske ya vumbi inaweza kushika sehemu ya matone. Mvuke unapita ndani yake kama vile hewa inavyopita. Kitambaa cha pua, hata kilicholowa maji, hakizuii mvuke.

Mvuke huo ukiingia katika mapafu unapita katika damu na kufika kwenye ubongo. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha. Mtu anakuwa kama mlevi. Akizidi kubaki mahali palipofungwa, anaweza kuzimia.

Maske inayofaa ni ya mpira, inayoshika vizuri pua na kidevu, yenye filtri za makala maalum. Tazama alama yake: mstari wa rangi ya kahawia na herufi A ni kwa mvuke, mstari mweupe na herufi P ni kwa vumbi na matone. Kwa rangi unahitaji zote mbili pamoja, kwa mfano A2P2. Ukiwa na ndevu, maske haishiki vizuri ngozi, na mvuke unaingia pembeni. Kama unasikia harufu ya rangi ndani ya maske, filtri imekwisha au maske haikukaa vizuri. Simamisha kazi.

Wengine wanasema: « Nitakunywa maziwa baadaye, yatasafisha. » Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Hayaoshi mapafu.

2. UNUNUE RANGI GANI?

Kuna rangi ya sehemu moja: unaifungua, unapaka, inakauka yenyewe. Bombe nyingi za dukani ni za namna hii. Kuna pia rangi na verni ya sehemu mbili: mtu anachanganya na dawa ya kuigandisha, ambayo mafundi wanaiita dirsisere. Ya pili inangaa zaidi na ni ngumu zaidi. Lakini dirsisere hiyo mara nyingi ina kitu kinachoitwa isosianati, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Isosianati inaweza kuleta ugonjwa wa asma kwa mtu ambaye hakuwa nao hata siku moja. Huwezi kutegemea pua yako, kwa sababu inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu yake. Tena pengine kifua hakibani papo hapo; kinabana usiku, saa nyingi baadaye, kama ilivyokuwa kwa yule baba. Na mwili ukisha kuizoea vibaya, hata kidogo sana siku nyingine kinatosha kurudisha ugonjwa. Fikiri sasa: mfanyakazi wa shimoni mwenye asma, munganga atamruhusuje kushuka tena? Pareshoki moja inaweza kumpotezea mtu kazi yake.

Basi sheria yetu ni hii: nyumbani, rangi ya sehemu moja tu. Soma etikete. Ukiona neno isocyanate, au alama 2K, au bombe yenye kibonye cha kubonyeza chini ya kopo, irudishe dukani. Ile ni kazi ya fundi mwenye chumba cha kupakia na maske inayoletewa hewa safi kwa mpira.

3. MAHALI NA SAA YA KAZI

Paka nje, kamwe si ndani ya nyumba, wala katika jikoni. Kama pareshoki inaweza kufunguliwa, ifungue, uiweke juu ya meza ya zamani au matofali. Upepo upite pembeni yako, usikuletee rangi usoni.

Mvuke wa diliyani ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji yasiyoonekana, unatafuta moto. Kwa hiyo mbabula ya jirani ni hatari pia, si ya kwako tu. Mama asiwashe mbabula mpaka kazi iishe na harufu itoweke. Usivute sigara. Usiache bombe juani wala ndani ya motokari iliyofungwa; ikipata joto kali inapasuka.

Kwetu Katanga, wakati wa mvua hewa yenye maji mengi inafanya verni kuwa nyeupe kama maziwa. Wakati wa kiangazi kuna vumbi. Saa nzuri ni asubuhi, umande ukiisha kukauka na upepo haujaanza kupiga. Nyunyiza maji kidogo chini, vumbi lilale.

4. KAZI YENYEWE

a) Kuosha. Osha pareshoki kwa maji na sabuni, suuza, ikauke kabisa. Usiipanguse kwa esanse: inaacha mafuta, rangi haitashika, tena inawaka kwa urahisi.

b) Kusugua. Tumia karatasi ya msasa namba 240 mahali palipokwaruzika. Sugua kwa maji, ili vumbi lisiruke. Hili ni la lazima kwa pareshoki za chuma za zamani, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto.

c) Kuziba. Mahali penye shimo weka mastiki ya plastiki, kidogo kidogo. Ikikauka, sugua kwa namba 320, halafu 400. Pitisha kiganja huku umefumba macho. Kama mkono unasikia ukingo, jicho pia litauona baada ya rangi.

d) Rangi ya kwanza. Plastiki ikionekana wazi, anza na dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Bila hiyo, rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Kisha rangi ya kwanza (apre), mara mbili, nyepesi. Ikikauka, isugue kwa maji na karatasi namba 800.

e) Rangi yenyewe. Tafuta namba ya rangi kwenye kibao cha motokari, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota iko karibu na herufi C/TR. Tikisa bombe dakika 2. Shika mbali ya sentimita 25 hivi. Anza kupuliza nje ya pareshoki, pita moja kwa moja, uishie nje upande wa pili. Kila mstari ufunike nusu ya ule wa kwanza. Mara 3 au 4 nyepesi, na kungoja dakika 10 hadi 15 kati yake. Mwenye haraka anapaka mara moja nzito, na rangi inateremka kama machozi.

f) Verni. Mara 2 au 3, kwa namna ileile. Usiguse mpaka siku moja ipite.

Kwa pareshoki moja ya kawaida, bombe 1 ya apre, 2 za rangi na 1 ya verni mara nyingi zinatosha. Vaa pia lineti za kufunga macho, mifuko ya mikono, na shati ya mikono mirefu.

Huna feza ya maske inayofaa? Basi fanya hivi: osha, sugua kwa maji na ziba wewe mwenyewe, halafu peleka pareshoki kwa fundi apulize rangi tu. Sehemu kubwa ya bei ya garaji ni kusugua. Hapo umelinda mfuko wako na mapafu yako pamoja.

5. KWA MAMA WA NYUMBANI

Watoto na mwanamke mwenye mimba wakae mbali. Usiruhusu diliyani iwekwe katika chupa ya bia au ya limonade; mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Ibaki katika chombo chake chenye etikete, juu, chini ya ufunguo.

6. MSAADA WA KWANZA

– Kizunguzungu: mtoe mtu kwenye hewa safi. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu, mpeleke hospitali.
– Rangi machoni: osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, halafu njoo.
– Rangi kwenye ngozi: maji na sabuni. Usioshe mwili kwa diliyani.
– Mtoto amekunywa diliyani: usimtapishe! Kinaporudi juu, kinaweza kuingia mapafuni. Mlete mara moja, pamoja na chupa.
– Umeungua: maji baridi dakika 20, bila mafuta, bila dawa ya meno.
– Kifua kinabana, hata usiku baada ya kazi: usingoje asubuhi. Mwambie munganga kwamba ulipaka rangi. Yule baba alingoja saa tano kwa sababu alifikiri ni malaria.

JIPIME MWENYEWE

Msomee bibi yako maswali haya, mjibu pamoja kabla ya kununua bombe.

1. Kwa nini maske ya shimoni haifai kwa rangi?
2. Ni neno gani kwenye etikete linakuambia urudishe kopo dukani?
3. Mbabula iko mbali kidogo, lakini chini ya upepo. Je, unaweza kuanza kazi?
4. Mtoto amekunywa diliyani. Ni jambo gani usilofanya?

Kama mmekosa jibu moja, rudini juu msome tena. Pareshoki ikikwaruzika tena, dukani kuna nyingine. Mapafu hayauzwi.