Kugeuza pointi za GPS kuwa mita kwenye mashamba ya mlimani



Kwenye vilima vya Kibabi, kamba na GPS hazipatani. Kamba inasema shamba liko na mita 108 toka chini mpaka juu, GPS inasema 100, na ugomvi wa mbegu unaanza. Hakuna mwizi hapo. Tuone juu ya nini.

GPS inaandika kila pointi kwa namba tatu: latitidi, longitidi na altitidi. Mbili za kwanza ni digrii, ya tatu ni mita. Hazichanganyiki katika hesabu moja, maana digrii moja huku kwetu ni karibu kilomita 111. Basi tunageuza digrii kwanza. Masisi iko katika kanda 35 Kusini ya UTM.

Sekreteri aandike pointi katika faili ya maandishi matupu, kila moja kwa mstari wake:

-1.5000 28.8500 1900

Latitidi inatangulia, na alama ya kutoa inaonyesha tuko kusini ya ikweta. Muweke nukta, si koma kama tulivyozoea shuleni kwa Kifaransa. Kisha, kwenye ordinateri yenye programu PROJ (ni ya bure, na kazi hii haiombi intaneti), afungue dirisha la amri na kuandika:

cs2cs EPSG:4326 EPSG:32735 pointi.txt > mita.txt

4326 ni digrii za GPS, 32735 ni mita za kanda yetu. Pointi ya mfano itatoka karibu 705800 mashariki na 9834100 kaskazini. Mkipata namba za mbali kabisa, angalieni kama latitidi na longitidi zimebadilishana nafasi.

Lakini 1900 inatoka vile iliingia. Amri hii haigusi altitidi, na vyombo vingine vinapima kutoka usawa wa bahari, vingine kutoka umbo la dunia la kihesabu. Kwa shamba moja, tumieni chombo kimoja.

Sasa tuseme pointi mbili zinapishana mita 60 mashariki, 80 kaskazini na 40 kwa urefu wa kwenda juu. 60 mara 60 na 80 mara 80 ni 10000, kipeo chake ni 100: huo ni umbali wa bapa. Ongeza 40 mara 40, unapata 11600, kipeo chake karibu 108: hiyo ndiyo kamba. Mtelemko ni asilimia 40. Kwa karatasi za shamba, andikeni 100. Kwa mbegu, kama mnapanda kwa kijiti kilicholazwa chini, hesabuni 108.

Mitaro ya kuzuia mmomonyoko, hapana. Altitidi ya simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mtaro uliopinda kidogo unapeleka maji na udongo kwenye maharagi ya jirani. Huko tumieni fremu A: miti mitatu, kamba na jiwe.